Honi ya Saa Kumi na Mbili

Simu iliita nikiwa nimelala chali chini ya dashbodi ya teksi, miguu nje, kichwa gizani, namsimulia mwenye teksi mambo ya jirani yake mwenyewe. Aliyepiga ni binti wa marehemu Mzee Fyuzi, yule muuguzi.

"Kaka Redio, lile gari linapiga honi lenyewe."

"Gari gani?"

"Kobe. Kwani tuna gari jingine?"

"Linapiga saa ngapi?"

"Saa kumi na mbili jioni, jua likishazama tu. Hakuna mtu ndani, ufunguo uko kabatini. Wiki ya kumi sasa."

"Na mmekaa kimya wiki kumi? Chomoeni waya wa betri, mchezo umekwisha."

"Baba Mdogo aliuchomoa. Mama akaurudisha kwa mkono wake." Akashusha sauti, nikajua kasogea mbali na watu. "Kaka, Mama hali tena chakula cha jioni. Ikifika saa kumi na moja na nusu anabeba kigoda, anakwenda kukaa mbele ya lile gari kama mtu anayengoja kusomewa hukumu. Amekonda mpaka pete inamtoka kidoleni. Dawa nimempa, maneno nimempa. Njoo wewe."

Watu huniita Redio kwa sababu sina swichi ya kuzimia. Hapo nilizimika. Mwenye teksi akainama kunichungulia, akadhani nimepigwa shoti.

Mzee Fyuzi ndiye aliyenifundisha kazi ya umeme wa magari. Jina alipewa na wateja, kwa sababu hakuwa mtu wa kufoka. Akikasirika alikuwa anakatika ghafla, kimya, na hakuna kinachowaka tena mpaka apoe. Nilifanya kazi kwake miaka kumi na mmoja, nikala kwake, nikamwita mkewe Mama, maana hakuna jina jingine lililomfaa. Na tangu tumzike, miezi mitatu ile, sikukanyaga uani pale. Walinisema sana. "Redio imepoteza stesheni," walisema. Nikawaachia waseme.

Sababu nilikuwa nayo. Madereva wa malori walimkuta alfajiri kwenye kona ya mlimani, nusu saa kutoka nyumbani, amekaa kwenye usukani, mikono mapajani, amekwisha poa. Daktari akasema ni moyo. Moyo, sawa. Lakini Kobe, lile gari kuukuu la porini, mabati matupu, lenye umri wa kunizidi mimi, tulilivua nyaya zote na kulivika mpya miaka miwili kabla, mimi na yeye. Injini yake ni ya dizeli. Ikishawaka haidai umeme wa mtu. Kinachodai umeme usiku ni taa. Sasa fundi ukisikia gari lililopita mkononi mwako limekutwa limesimama mlimani, dereva amekufa gizani, huanzi kuuliza habari za moyo. Unaanza kuutazama mkono wako.

Niliponea kwa waliolikokota. Walipolifikisha nyumbani waliliwasha, likawaka. Taa kubwa zikawaka, ndogo zikawaka, indiketa zikapepesa, mafuta nusu tanki. Nilishusha pumzi palepale msibani kama mtu aliyefutiwa kesi, na nikaona haya kwa pumzi ile. Tangu hapo sikurudi.

Nilifika saa nne asubuhi. Nyumba ilikuwa imejaa kama ninavyopenda mimi nyumba zijae: majirani barazani, shangazi wawili jikoni, watoto wa watu wengine wakigombania kikombe, na Baba Mdogo, mdogo wake marehemu, kakaa kiti cha kuegemea na gazeti ambalo hakuwa analisoma.

"Huyo! Mganga wa nyaya kaja," akasema. "Umekuja na ubani au bisibisi?"

"Vyote, Baba Mdogo. Ubani ni wa kukufukiza wewe."

Wakacheka. Nikamwinamia Mama. "Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu mpotevu." Akanishika mkono wa shati, akaniongoza mpaka kwa Kobe, tukabaki wawili na lile gari, uso kwa uso. Lilikuwa safi. Vioo vimefutwa, tairi zimejazwa upepo. Nikagundua ndiye yeye anayeliwasha kila asubuhi ili betri isife.

"Kabla hujafungua kitu, nisikilize," akasema. "Siku ile nilimngoja tangu mchana. Kulikuwa na wageni, watu waliokuja kuzungumza habari za binti yetu, na baba mwenye nyumba hayupo, yuko milimani kusaidia gari la watu. Jioni akanipigia kwamba ndio anatoka. Nikamwambia, usijisumbue. Kaa hukohuko na gari lako."

"Mama, hayo ni maneno ya ndani ya nyumba. Kila mke..."

"Aliniambia 'haya.' Basi. Haya. Akakata." Alikuwa akipangusa boneti kwa ncha ya kanga, mahali pasipo na vumbi. "Unamjua akisema haya inakuwaje."

Nilimjua. Fyuzi imekatika.

"Taa zinawaka," akaendelea. "Injini inawaka. Mafuta yapo. Mtu mwenye gari zima anafika nusu saa kutoka kwake, anaegesha vizuri pembeni, anavuta breki ya mkono, anazima kila kitu, anakaa. Daktari alisema moyo, lakini moyo ulimkuta ameshasimama. Mimi nilimwambia akae, na yeye akakaa."



"Sasa anapiga honi. Mbili fupi, moja ndefu, vilevile alivyokuwa akipiga akifika geti. Wenzangu hawa wanasema ni shetani, binti yangu anasema ni kutu. Wewe fundi, niambie kitu kimoja tu: ni waya au ni yeye? Ikiwa ni yeye, ana neno nami, nitajua la kumjibu. Ikiwa ni waya..."

Nilifungua boneti.

Niwaambie ukweli kuhusu umeme wa magari: ubovu wa kudumu ni rafiki. Taa haiwaki, unafuata waya wake kwa taa ya kupimia, balbu ndogo yenye mikia miwili, mmoja kwenye bati la gari na mmoja unagusagusa, mpaka pale balbu inapogoma kuwaka. Umemkamata. Lakini ubovu unaokuja na kuondoka ni kama mgonjwa anayepona akiliona geti la hospitali. Nilipima honi: nzima. Nilipima kitufe cha usukani: kizima, kinapeleka umeme kikibonyezwa, kikiachwa kimya. Nilitikisa, nikagonga, nikavuta. Kobe kanyamaza kama mtoto aliyefundishwa na mama yake asiseme kitu mbele ya wageni.

Saa saba mchana jua lilikuwa utosini, bati la boneti linachoma, na watu wamehamisha viti kutoka barazani kuja kuniangalia. Siku nyingine ningekuwa nimeshawapa vichekesho vitatu.

"Redio leo haina betri," jirani mmoja akasema.

"Mwacheni," Baba Mdogo akajibu. "Anaogopa kaka yangu asije akampiga kibao kutoka humo ndani."

Maneno ya kipuuzi, lakini yalinigusa pabaya, na pia yalinipa wazo. Sio kibao. Jioni. Jioni kuna nini ambacho mchana hakuna? Giza, hapana, waya hauoni giza. Baridi. Gari la mabati linakaa juani siku nzima linavimba, jua likizama linajikunyata. Mtu aliyelala kwenye nyumba ya bati anajua, jioni paa linalia tak, tak. Kama kuna waya umekaa vibaya kwenye bati la Kobe, ni saa ile ndipo unapovutwa.

"Nileteeni gunia na ndoo ya maji," nikasema. "Maji ya kisimani, yale ya baridi."

"Anataka kuliogesha," wakasema.

Nililowesha gunia nikalitandaza pale kwenye ukuta wa bati unaotenganisha injini na kabini, nikamwagia ndoo nzima juu yake. Moshi wa mvuke ukapanda. Tukangoja. Tak, bati likasema. Tak.

Halafu honi ikalia.

Fupi. Fupi. Halafu ndefu, ndefu isiyokatika, mchana kweupe, na ndani ya gari hakuna mtu. Sijapata kuona watu wakitawanyika hivyo. Jirani mmoja aliruka na kiti chake. Baba Mdogo alikuwa wa kwanza barazani na gazeti kalivaa kichwani. Walibaki wawili tu, mimi na Mama. Yeye hakusogea hata unyayo. Alikuwa akikitazama kiti cha dereva, midomo ikicheza, na kelele ile ilinizuia kusikia alichokuwa anasema, lakini hakuwa anasema na mimi.

Niliingia haraka, nikajilaza chali chini ya dashbodi, honi ikinipigia masikioni, nikapeleka mkono kwenye fungu la nyaya. Nikabana hapa, ikaendelea. Nikabana pale, ikakwaruza. Nikabana nyuma kabisa, karibu na tundu la ukutani, ikanyamaza. Nikaachia, ikalia. Nikabana tena na sikuachia.

Nilimulika.

Kulikuwa na kiungo. Kiungo kwenye waya mnene unaopeleka umeme kwenye swichi ya taa kubwa, ule wenye umeme wakati wote, ufunguo uwepo usiwepo. Juu yake kulikuwa na tepu nyeupe. Haikuwa tepu ya umeme. Ilikuwa plasta ya vidonda, ile ya kwenye sanduku la huduma ya kwanza, imeregea kwa joto, na kwenye ukingo wake unywele mmoja wa shaba umechomoza ukagusa waya wa honi uliochubuka pembeni yake. Ndiyo honi yenyewe hiyo. Unywele mmoja.

Nikaibandua ile plasta taratibu. Chini yake kulikuwa na mabaki ya tepu nyeusi, imekauka, imejiachia.

Hapa inabidi niwaeleze. Mzee Fyuzi alikuwa na kanuni kwenye gereji yake: tepu isomwe kabla haijakatwa. Kila fundi ana mzunguko wake. Yeye na wengine wote walizungusha kulia. Mimi hutumia mkono wa kushoto, tepu yangu huzunguka kinyume, kama mzabibu uliokosea njia. Alikataa kunigeuza. "Acha," alisema, "siku ukiharibu tutajua wapi pa kukutafuta." Ulikuwa utani wake mkubwa, alikuwa na utani kama mitatu tu.

Plasta nyeupe ilizunguka kulia. Tepu nyeusi iliyo chini yake ilizunguka kushoto.

Na shaba ndani yake ilikuwa imesokotwa tu. Haina lehemu, ile risasi inayoyeyushwa kushikanisha shaba. Nyaya mbili zimesokotwa kwa vidole kama kamba ya mbuzi, halafu zikafunikwa.

Nikakumbuka siku ile kama jana. Nilikuwa nimelala hivihivi, mgongo palepale, na uani kumejaa watu, na mimi niko katikati ya hadithi ya mshonaji aliyeshona suti moja akaiazima kwa maharusi wawili wa siku moja. Nilisokota huu waya, nikasema nitautia lehemu pasi ikishapata moto. Mama alikuwa amekaa kwenye kigoda mlangoni, anacheka mpaka anajifuta machozi, anasema, "Ehe, ikawaje?" Na mimi, badala ya kushika pasi ya lehemu, nikashika tepu, maana tepu haikukatishi maneno. Baadaye Mzee akarudi kutoka kunawa mikono, akauliza, "Huo umetia lehemu?" Nikamjibu, "Tayari, Mzee." Akaniamini. Akafunga dashbodi.

Sasa niliona yote, nimelala pale, unywele wa shaba kati ya vidole vyangu. Kobe linapanda mlima, mtikisiko, kiungo kinaachia. Taa kubwa zinakufa kwenye kona. Mtu wa busara anaegesha, anavuta breki ya mkono, anazima injini. Anajilaza chini ya dashbodi, mzee wa miaka sitini na tisa, anajipinda kwenye baridi ya mlimani. Tepu ya umeme hana. Anafungua sanduku la huduma ya kwanza. Anasoma tepu nyeusi kwa mwanga wa tochi, na anajua ni nani. Tochi walimkuta nayo sakafuni, betri zimekwisha, na hakuna aliyejiuliza. Anasokota upya, anafunga kwa plasta, vizuri kadiri vidole vilivyoweza. Anarudi kwenye kiti. Na kabla hajawasha, moyo.

Alilitengeneza gari. Ndiyo maana walipolifikisha nyumbani kila kitu kikawaka. Kazi yake ya mwisho ilikuwa kufuta kosa langu, na kwa kulifuta akamwachia mkewe swali lisilo na jibu.

"Redio!" Baba Mdogo alikuwa ameshapata ujasiri, kasogea mpaka mlangoni. "Imenyamaza. Umeona nini huko?"

Watu wote walikuwa wamerudi. Nikaona viatu vyao, safu nzima. Nikaona na miguu ya Mama, mitupu, haijatikisika.

"Panya," nikasema.

Kwa fundi wa umeme panya ni neema. Hana wakili, hana ndugu wa kuja kulalamika, na kila mtu anamchukia tayari. Kulikuwa na kelele za furaha. "Panya! Nilisema mimi!" "Ulisema shetani, wewe." "Panya na shetani si wote wana mkia?" Chai ikaletwa. Binti muuguzi alinishika bega, macho yamemlowa, akasema, "Mungu akubariki, kaka." Niliinywa ile chai.

Mchana wote nilifanya kazi bila kufungua mdomo. Nilikata kiungo kile, nikaunganisha upya, nikatia lehemu mpaka ikang'aa, nikafunga, nikabadilisha waya wa honi wote. Ile plasta niliitia mfukoni, pamoja na kipande cha tepu nyeusi. Sikuwa na mpango nayo. Sikuweza tu kuitupa.

Ilipofika saa kumi na moja na nusu Mama hakuchukua kigoda. Alifungua mlango wa Kobe akakaa kiti cha abiria, kiti chake cha siku zote. Wengine walibaki barazani, wamenyamaza, hata watoto. Mimi nilisimama kwenye boneti na taa yangu ya kupimia kana kwamba ina kazi. Jua likashuka nyuma ya paa la jirani. Bati likasema tak. Tak.

Honi haikulia.

Tulingoja mpaka giza likaanza kukamata ukuta. Barazani mtu mmoja akapiga makofi, wakamfuata wote, Baba Mdogo akapaza sauti, "Fundi! Mtaalamu!" Mama akaniashiria niingie. Nikakaa kiti cha dereva kwa sababu hakukuwa na kingine.

"Basi ni waya," akasema.

"Ni waya, Mama."

"Na panya aliula lini?"

"Hivi karibuni. Gari likisimama muda mrefu, wanaingia."

"Baada ya yeye kufa."

"Ndiyo."

Alitikisa kichwa polepole, kama mtu anayepokea matokeo aliyokuwa ameshayajua. "Basi hakuwa anapiga. Hana neno na mimi. Alisimama pale, akakaa, na hana la kuongeza." Sauti yake ilikuwa tulivu, na ndiyo iliyonitisha. Ilikuwa sauti ya mtu anayezima taa za vyumba kimoja kimoja. "Afadhali angekuwa anapiga. Asante, mwanangu. Mwambie binti yangu asiniwekee chakula."

Nimesikia watu wakilia kwenye kazi hii ya kuwa na masikio kila mahali. Sijasikia kitu kama kile.

"Mama," nikasema. "Hakuna panya."

Hakugeuka.

Nikatoa plasta mfukoni, nikaiweka juu ya dashbodi. Nikamweleza. Nilianzia kwenye lehemu na sikuruka kitu, na kwa mara ya kwanza maishani nilisimulia jambo bila kuongeza chumvi. Nilimwonyesha jinsi plasta ilivyojikunja kulia, mkunjo wa mkono wa mumewe. Nilimwonyesha kipande cha tepu nyeusi, mkunjo wangu. Nilimwambia taa zilikufa kwa sababu yangu, kwamba alisimama kwa sababu yangu, kwamba alijilaza chini hapa, hapa miguu yetu ilipo, akatengeneza, akamaliza.

Barazani walikuwa wameanza kusimuliana namna kila mmoja alivyokimbia mchana.

Mama aliichukua plasta, akaikunjua, akaiacha ijikunje tena.

"Ilimchukua muda gani?"

"Gizani, na tochi inayokufa? Saa nzima, Mama. Pengine zaidi."

"Na alikuwa anatengeneza ili aende wapi?"

"Nyumbani. Hakukuwa na pengine pa kwenda kwenye barabara ile."

Akainamisha kichwa mpaka paji la uso likagusa dashbodi. Alikaa hivyo. Mabega yalitikisika mara moja, sijui kilio, sijui kitu gani. Nilitamani anipige. Mkono wangu ulikuwa umeshika usukani kwa nguvu na nikauondoa, nikaona si mahali pake.

Alipoinuka, macho yake yalikuwa makavu. "Siku uliyosahau lehemu ilikuwa siku gani?"

"Sikumbuki, Mama."

"Nilikuwepo?"

"Sikumbuki kabisa. Ilikuwa kazi ya siku nyingi."

Alinitazama muda mrefu, na gizani mle nilishindwa kujua anaona nini. "Kwa mtu anayeongea hivyo," akasema, "unadanganya vibaya sana."

Akafungua mlango, akashuka, akajifunga kanga vizuri. Plasta alikuwa nayo ngumini. Nikashuka na mimi, nikamfuata mpaka ngazi za baraza, nikajiandaa. Nilijua atasema, na nilitaka aseme, mbele ya nyumba nzima, ili niwe nimeshahukumiwa, nipumzike.

"Haya, tuambieni," Baba Mdogo akasema. "Mmeongea nini na kaka yangu mle ndani?"

"Ni panya," Mama akasema. "Si mmesikia? Fundi amesema ni panya."

Wote wakacheka. Akamgeukia binti yake. "Kuna chakula?"

Binti aliangusha kijiko alichokuwa ameshika, akakimbilia jikoni.

Mama akanisindikiza mpaka geti, kama alivyonisindikiza miaka kumi na mmoja kila jioni. Pale getini akanisogelea, akasema kwa sauti ya chini ambayo hakuna mwingine angeisikia:

"Alikufunika. Basi na mimi nimekufunika. Lakini usije hapa mpaka nikuite."

"Ndiyo, Mama."

"Hata nikifa, wasije wakakuita wao. Mpaka nikuite mimi."

Akafunga geti.

Ni miezi minane sasa. Baba Mdogo ametega mitego sita ndani ya Kobe na analalamika kwamba panya wa nyumba ile ni wajanja. Mji mzima unaijua habari ya panya aliyepiga honi, na kila mteja mpya akikaa kwenye benchi la gereji anataka kuisikia kwa mdomo wangu mwenyewe. Naisimulia. Naipa mkia, naipa ndoo ya maji na Baba Mdogo na gazeti lake, wanacheka mpaka wanashika mbavu. Sina ruhusa ya kuacha. Nikinyamaza, wataanza kujiuliza. Kwa hiyo kila wiki namwua mwalimu wangu upya, kwa panya, watu wakishangilia.

Juzi binti yake alipita gereji akitoka zamu, sare yake nyeupe bado mwilini. Nikamuulizia Mama. Akasema anakula vizuri, pete imerudi kukaa kidoleni, na amerudi kulala chumbani kwao. Jioni anakaa barazani na wenzake, anapiga soga.

"Huwa ananitaja?"

Akafikiri, maana ni msichana mkweli. "Hapana, kaka. Hajakutaja."

Nikamwambia amfikishie salamu zangu. Akasema atazifikisha. Akavuka barabara, nikarudi chini ya dashbodi ya watu.